Risala ya Kikundi cha Watengenezaji Programu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkuu wa mafunzo, wakufunzi wetu, wageni waalikwa, wahitimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanakikundi wote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua umeacha mengi mezani ili uwe nasi leo, nasi tumeona tutumie nafasi hii kukueleza jambo moja lililobadilisha kazi yetu, kisha tukuombe machache.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza tukiwa watu 9 na mradi mmoja: mfumo wa kuazimisha vitabu vya maktaba. Tuligawana kazi kwa moyo. Kila mtu alishika mbili, wengine tatu, wengine nne. Ukimuuliza yeyote amefikia wapi, jibu lilikuwa "nakaribia kumaliza". Ilipofika wiki ya 5 tulikuwa na kazi 27 zilizoanzwa, na hakuna hata moja iliyokuwa imemfikia mtumiaji. Hapakuwa na mvivu kati yetu. Tulikuwa tunachoka kila siku, na bado hatukuwa na kitu cha kuonyesha.

Ndipo mkufunzi alipoleta ubao mweupe na vikaratasi vya kunata, akatuagiza tubandike kila kazi mahali ilipo kweli, si mahali tunapotamani iwe. Tulichora safu tano: Inasubiri, Inaandikwa, Inakaguliwa, Inajaribiwa, Imekamilika. Safu ya mwisho ilibaki tupu. Ile ya Inakaguliwa ilijaa hadi vikaratasi vikapandana, kwa sababu kila mmoja wetu alipenda kuandika msimbo mpya, yaani maagizo ya programu, na hakuna aliyependa kusoma wa mwenzake. Tulisimama mbele ya ubao ule kimya.

Utaratibu huu unaitwa kanbani. Neno ni la Kijapani, na maana yake ni ubao wa ishara au kadi. Ulianzia katika viwanda vya magari vya Toyota, ambako mhandisi Taiichi Ohno aliujenga katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alivutiwa na supamaketi za Marekani: rafu hujazwa pale mteja anapochukua bidhaa, wala hairundikwi kwa kubahatisha. Kiwandani, kadi ndiyo iliyotoa ruhusa ya kutengeneza. Pasipo kadi, hutengenezi. Kwa hiyo kazi huvutwa na aliye mbele, haisukumwi na aliye nyuma. Kuanzia mwaka 2004 mtaalamu wa programu David Anderson aliupeleka utaratibu huo wa kuvuta kazi katika timu za programu, akianza na timu moja ya Microsoft.

Lakini ubao peke yake, Mheshimiwa, ni mapambo. Kilichotubadilisha ni namba tulizoandika juu ya safu: Inaandikwa 4, Inakaguliwa 2, Inajaribiwa 3. Namba hizo ni vikomo. Safu ikijaa, hakuna kazi mpya inayoingia hadi moja itoke.

Siku ya tatu kikomo kilituuma. Mwenzetu alimaliza kuandika sehemu yake, akataka kuisogeza mbele, akakuta safu ya ukaguzi imejaa. Akataka kuchukua kazi mpya, tukamwambia haiwezekani. Alikaa bila kitu mkononi, na aliona haya, maana sote tumelelewa tukiamini kwamba mtu mwema haonekani amekaa. Mwishowe akaenda kukaa na mkaguzi. Wakagundua kwamba moja ya kazi mbili zilizokwama ilikuwa badiliko la mistari zaidi ya 1,000, na mkaguzi alikuwa anaogopa hata kulifungua. Tatizo halikuwa uvivu wa mkaguzi. Tulikuwa tunakata kazi vipande vikubwa mno.

Tukaivunja kazi ya kuazimisha kitabu: kutafuta kitabu, kumrekodi mwazimaji, kuweka tarehe ya kurudisha, kumkumbusha aliyechelewa. Vipande viwili vya kwanza vilikamilika ndani ya siku chache, tukampelekea mkutubi. Alivitumia, akashukuru, kisha akatuambia kwamba shida yake kubwa si wanaochelewa. Shida yake ni kujua nani anasubiri kitabu kilekile. Hatukuwa tumeliwaza hilo kabisa. Kama tungeendelea na kazi zetu 27, tungemletea mfumo mzima uliojaa vikumbusho asivyovihitaji.

Hapo ndipo tulipoelewa mbinu za ajaili, yaani kufanya kazi kwa wepesi na kwa hatua fupi. Mwezi Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika ilani yenye maadili 4, ambayo baadaye iliambatana na kanuni 12. Walitanguliza watu na mazungumzo, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mteja, na kuitikia mabadiliko. Hawakusema mpango na nyaraka havina thamani, ingawa wapo wanaoitumia ilani ile kukwepa kuandika chochote. Baadhi ya timu hufuata skramu, mbinu nyingine ya ajaili, ambayo hugawa kazi katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Sisi tulichagua kanbani kwa sababu haikututaka tubadili vyeo wala ratiba. Ilitutaka tuanze na tulichokuwa tunafanya, kisha tukirekebishe kidogo kidogo.

Wapo waliotuuliza kama kupunguza kazi mkononi si kupunguza kazi yenyewe. Hesabu inajibu. Mwaka 1961 msomi John Little alithibitisha kanuni inayofunga mambo matatu: idadi ya vilivyomo ndani ya mfumo, kasi ya kutoka, na muda wa kukaa ndani. Timu inayokamilisha kazi 5 kwa wiki, ikiwa na kazi 30 wazi, kila kazi itakaa wastani wa wiki 6. Kasi ikibaki ileile na kazi wazi zikawa 10, wastani unashuka hadi wiki 2. Watu ni walewale na saa ni zilezile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazijaisha. Wapo kati yetu waliosahau kusogeza vikaratasi, na ubao usiosema kweli ni mbaya kuliko kukosa ubao. Changamoto kubwa zaidi hutoka nje ya timu. Tulitenga njia moja ya dharura, yenye nafasi ya kikaratasi kimoja tu. Kuna wiki ambayo watu watatu walituletea dharura tatu, kila mmoja kwa mlango wake, na kila mmoja akiamini yake ndiyo ya kwanza. Wiki ile hatukukamilisha chochote.

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu kwako kama kiongozi ambaye sauti yako inasikika. Tunaomba dharura zipite ubaoni, na anayeleta kazi mpya kwenye safu iliyojaa atuambie pia ipi tuiweke kando. Tunaomba tupimwe kwa vilivyomfikia mtumiaji na siku vilivyochukua, si kwa wingi wa kazi alizoshika kila mtu. Kipimo hicho cha pili ndicho kilichotufikisha kwenye zile 27. Tunaomba watumiaji wapewe muda rasmi wa kukaa nasi, walau saa moja kila wiki, kwa sababu mkutubi wetu alikuwa akija kwa hisani yake wakati wa mapumziko. Na mradi ukichelewa, tunaomba msituongezee watu kwa haraka. Mtaalamu wa kompyuta Fred Brooks aliandika tangu mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni hufundishwa na walewale waliokuwa wakifanya kazi.

Ubao wetu uko upande wa kushoto wa ukumbi huu. Katika safu ya Inajaribiwa kimebaki kikaratasi kimoja: orodha ya wanaosubiri kitabu, ile aliyoiomba mkutubi. Mkutubi yupo hapa, na kompyuta imewashwa. Tunakuomba, baada ya hotuba yako, uketi naye mkijaribu pamoja. Ikifanya kazi, ukisogeze kikaratasi hicho wewe mwenyewe. Isipofanya kazi, utuambie hapohapo, nasi tutakirudisha nyuma.

Tunaomba kuwasilisha.