Kwa nini saa ya kuondoka kwenda Vumawimbi haikai pahala pamoja

Malalamiko tunayoyapata kuliko yote hayahusu bei, yanahusu saa. "Wenzetu wiki iliyopita mliwachukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, sisi mnatwambia saa mbili. Nyinyi mna ratiba kweli?" Tunayo. Ila hatuipangi sisi, yanaipanga maji.

Kwa asiyeijua safari yenyewe, ni matembezi ya kutwa kaskazini ya Pemba. Tunakuchukua Chake Chake au Wete, gari inatufikisha Konde na kuendelea hadi lango la msitu wa Ngezi. Baada ya hapo ni miguu. Tunapita msituni, tunatokea pwani ya Vumawimbi upande wa mashariki, tunaufuata mchanga hadi Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, kisha tunarudi kwa njia ya ndani kupitia Makangale. Duka la soda utaliona Konde. Baada ya hapo usitegemee kitu.

Sasa huo mchanga. Wageni wengi wanaogopa msitu, wanauliza nyoka, wanauliza popo. Msitu una kivuli na njia iliyokanyagika, haumchoshi mtu. Kinachochosha ni mchanga mkavu wa juu, ule uliosukumwa na upepo ukajikusanya matuta matuta chini ya miti. Unakanyaga, kisigino kinazama, vidole vinafukua. Ukienda hivyo nusu saa, misuli ya nyuma ya miguu inawaka moto. Shuka hatua ishirini kuelekea baharini, ukute mchanga ulioachwa na maji sasa hivi: umeshikana kama sakafu, gari ya ng'ombe inapita juu yake na kuacha mstari mwembamba tu. Mtoto wa miaka minane anautembea huku anakimbiza kaa.

Sakafu hiyo inapatikana maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, unabakiwa na ukanda wa mchanga laini, na karibu na rasi penye mawe ya matumbawe hubakiwi na kitu.

Kwa hiyo mteja akitupigia simu, swali letu la mwanzo ni mwezi ngapi. Simaanishi Juni au Julai, namaanisha mwezi wa kuandama. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti inakaribia mita 4. Siku hizo kwetu maji makavu huwa mnamo saa nne asubuhi, na yamejaa pomoni saa kumi jioni. Kila siku inayofuata wakati unasogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi. Ukifika mwezi nane au ishirini na tatu ni maji mafu. Hayajai sana, hayatoki sana, na yanakupwa alasiri wakati wewe ungetaka uwe unarudi.

Mwezi mosi na mwezi kumi na sita, basi, tunataka tuwe mchangani saa mbili asubuhi, ili twende na maji yanayotoka. Gari inaondoka Chake mara tu baada ya swala ya alfajiri, tunaanza na pwani, msitu tunaufanya wakati wa kurudi, jua likiwa kali na kivuli kinatafutwa. Mwezi nne, mwezi tano, au kumi na tisa, ishirini, tunaigeuza: unalala hadi kunakucha, tunaondoka saa mbili, msitu kwanza, mchangani tunaingia saa tano. Njia ni ile ile na bei ni ile ile. Maji mafu yakiwa yameingia tunakwambia kabla hujalipa kwamba rasini tutakwenda kwa njia ya ndani na pwani tutaionja kidogo tu. Wapo wanaosema haidhuru. Mimi ningesubiri wiki.

Hili tumelijua kwa kuumia. Siku moja ya mwezi kumi na sita nilikuwa na familia ya watu saba kutoka Unguja. Gari ilipata pancha njiani, tukaingia mchangani saa sita badala ya saa mbili. Nilitazama bahari, iko mbali huko, nikasema tutawahi. Kosa lilikuwa langu. Maji yakianza kujaa, saa ya mwanzo hayaonekani kama yanakuja, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia: kwenye hizo saa mbili peke yake inaingia nusu ya maji yote. Saa nane tulikuwa karibu na mawe na wimbi linapiga mapajani. Tulipanda juu, tukapasua vichaka juu ya jiwe linalokata kama wembe, bibi mmoja kapoteza ndara moja, nikampa viatu vyangu. Hakuna aliyeumia zaidi ya miguu yangu. Tangu siku hiyo, tukichelewa zaidi ya saa moja, pwani ya rasini inafutwa, na hata ukinuna tunaifuta.

Mteja mmoja alituonyesha video aliyotumiwa na ndugu yake aliyeko Marekani: vilima vya mchanga vya Sleeping Bear, pembezoni mwa Ziwa Michigan, vingine vimeinuka zaidi ya mita 130 juu ya ziwa. Akauliza mbona huko watu wanakwenda saa yoyote. Ziwa lile halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho; kazi yao ni kupanda, na anayejiporomosha hadi majini ana kibarua cha kurudi juu. Sisi vilima vya namna hiyo hatuna. Wao wanapima mlima, sisi tunahesabu mwezi.

Vitu vya kuchukua ni vichache. Maji lita tatu kwa mtu mzima, na tafadhali msiseme mtanunua njiani. Viatu vilivyofunga nyuma, kwa sababu ya yale mawe. Kofia au mtandio, maana kipindi cha kaskazi upepo unakuja usoni muda wote ukielekea rasini na hulihisi jua mpaka usiku ngozi inapovuta. Nguo za heshima: tunapita katikati ya kijiji, kanga moja begani inamaliza mambo. Chakula tunakuja nacho sisi, mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga na chapati, na adhuhuri tunasimama kwa swala. Kiingilio cha msitu kinalipwa langoni, kimo ndani ya bei yetu.

Mkitoka Unguja kwa boti, msipange kutembea siku hiyo hiyo. Boti inashusha Mkoani, kusini kabisa, na Konde iko kaskazini kabisa. Ukifika umeshachoka na maji yameshageuka. Laleni Chake au Wete. Msimu wa karafuu mtafaidi na njia, mikeka imeanikwa pembeni mwa barabara na harufu inaingia hadi ndani ya gari.

Masika hatuchukui vikundi vya skuli, njia ya msituni inakuwa tope. Miezi mingine leta tarehe mbili au tatu zinazokufaa, tutazitazama na hesabu ya mwezi, na jioni hiyo hiyo tutakurudishia jibu lenye saa ya kuondoka.