Ugonjwa wa nguruwe huanzia ndani ya banda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wafugaji wengi wa nguruwe hulielewa nusunusu. Watoto wa nguruwe wanapoanza kufa ghafla wiki chache baada ya kuachishwa kunyonya, lawama huelekezwa kwa mgeni aliyeingia bandani au kwa chakula kipya, ilhali bakteria aitwaye Streptococcus suis mara nyingi alikuwamo tangu siku waliyozaliwa. Hukaa puani na kwenye tonsili za nguruwe wasio na dalili yoyote, na mama huwaambukiza wanawe wakati wa kuzaa na kunyonyesha.

Kinachomfanya atoke kooni na kuua kinaeleweka kwa kiasi kikubwa. Aina zilizo hatari zaidi, hasa ile ya 2, hujivika gamba la sukari lenye asidi ya siali, ambayo imo hata kwenye seli za mnyama mwenyewe, na kwa sababu hiyo seli nyeupe za damu hupata shida kummeza. Nyingine hutoa pia sumu ya suilisini, inayotoboa kuta za seli. Sasa kinga aliyoipata mtoto kwenye maziwa ya mama ikipungua, naye wakati huohuo akachanganywa na wenzake wageni katika banda lililosongamana na lenye hewa nzito, bakteria hupenya hadi kwenye damu, na kutoka hapo huenda kwenye maungio, moyo na utando wa ubongo. Mfugaji humkuta mnyama amelala ubavu, shingo imepinda kwa nyuma, miguu ikipiga hewani kama anayeogelea na macho yakichezacheza. Akifikia hapo, dawa inaweza kumuua bakteria na mgonjwa asipone, kwa kuwa uvimbe umekwisha kuuharibu ubongo.

Ndiyo maana siungi mkono mazoea ya kuchanganya antibiotiki kwenye chakula cha banda zima kila mara. Bakteria hang'oki kwenye tonsili kwa njia hiyo. Tunachovuna ni usugu wa dawa. Heri kupunguza msongamano, kuacha kuchanganya watoto wa mama tofauti ovyo, na kumwita daktari wa mifugo mapema, mnyama anapoanza tu kuchechemea au kuyumba.

Tena huyu si adui wa nguruwe peke yao. Humwingia binadamu kupitia jeraha dogo mkononi, au kwa kula nyama na damu mbichi, na wengi wanaopona homa ya uti wa mgongo anayoisababisha hubaki na uziwi. Mwaka 2005, mkoani Sichuan, China, watu zaidi ya 200 waliugua na 38 wakafariki, wengi wao wakiwa wameshika au kuchinja nguruwe wagonjwa na waliokufa. Nawaomba wakaguzi wa nyama wasimhurumie yeyote anayepeleka mzoga wa namna hiyo buchani, hata akidai umekufa asubuhi ileile.

Mfugaji na msomaji wako