Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba ya Taifa: kurasa za maoni zinahitaji faharasa

Kwa Mkurugenzi,
Maktaba ya Taifa ya Uganda,
Kampala.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu za heshima. Sisi ni wakutubi na walimu tunaosimamia tasnifu, na ombi letu ni moja: Maktaba ya Taifa iandae faharasa ya makala za maoni zilizochapishwa katika magazeti na majarida ya Uganda. Habari za kawaida hutafutika, kwa kuwa tukio lina tarehe yake. Makala ya maoni inaweza kutoka wiki sita baada ya tukio, chini ya kichwa kisichotaja jambo lenyewe.

Tazama mjadala wa msitu wa Mabira. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kuipa kampuni ya sukari ya kundi la Mehta hekta zipatazo 7,100 za msitu huo, watu waliandika sana. Mwanafunzi wa leo akitafuta “Mabira” kwenye intaneti, anapata rundo la habari za maandamano ya Aprili mwaka ule, zikiwa zimechanganyika na za 2011, pendekezo lilipofufuliwa. Mtu aliyeutetea mradi kwa hoja ya bei ya sukari, bila kuutaja msitu kwenye kichwa, haonekani. Tasnifu inatoka na upande mmoja tu, na msomaji wake anaamini kwamba upande wa pili ulinyamaza.

Tunawafundisha wanafunzi wetu kutafuta ndani ya tovuti moja, kwa mfano “site:monitor.co.ug Mabira”, kisha kurudia kwa maneno mengine ya mjadala: “sugar”, “Mehta”, “forest”. Jina la mwandishi walijaribu kwa mpangilio wote, maana kwetu jina la ukoo laweza kutangulia au kufuata. Kwa Bukedde, gazeti la Kiluganda, watafute kwa Kiluganda, “ekibira” (msitu), kwani neno la Kiingereza halitaileta makala ya Kiluganda. Hata hivyo, gazeti likibadilisha tovuti, viungo vya zamani hufa. Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani, husaidia pale tu ukurasa ulipowahi kuhifadhiwa. Tena tarehe inayoonekana mtandaoni huenda ni ya siku makala ilipopandishwa, na kichwa cha mtandaoni kinaweza kutofautiana na kilichochapishwa. Ndiyo maana tunasisitiza kila makala ilinganishwe na gazeti la karatasi.

Na kwenye karatasi ndiko kazi iliko. New Vision ilianza 1986 na Monitor 1992. Anayetafiti miaka ya nyuma zaidi lazima ajue kwamba Uganda Argus iliyoanza 1955 ilikuja kufuatwa na Voice of Uganda wakati wa Amin, kisha Uganda Times. Asiyejua hudhani mfululizo umekatika. Kwa majarida, Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961, lina mijadala ambayo hakuna gazeti la siku linaloweza kuifidia. Akifika kwenye majalada, mwanafunzi hana budi kufunua ukurasa baada ya ukurasa, na pale majalada yaliposhonwa kwa kubana, safu ya ndani husomeka nusu. Apige picha ya ukurasa mzima kwanza, tarehe na namba ya ukurasa zikionekana, ndipo apige ya makala.

Kosa linalotuumiza zaidi ni la aina ya maandishi. Tahariri haina jina la mtu na ni sauti ya gazeti. Makala ya safu ni ya mwandishi wake, na barua ya msomaji ni ya msomaji. Mwanafunzi akisema “New Vision ilipinga” ilhali aliyepinga ni mwandishi wa safu, hoja yote inayumba. Faharasa ingelizuia hili mwanzoni kabisa.

Jedwali lenye nguzo nane linatosha: tarehe, gazeti, ukurasa, kichwa kama kilivyochapishwa, mwandishi, cheo alichojitambulisha nacho, aina ya maandishi, na maneno matatu ya mada. Maneno ya mada yachaguliwe kutoka orodha moja iliyokubaliwa, la sivyo mkutubi mmoja ataandika “ardhi” na mwingine “mashamba”, na mtafutaji atapata nusu. Tuseme gazeti lina makala tano za maoni kwa siku, siku sita kwa wiki: ni makala 1,560 kwa mwaka. Kwa dakika tatu kila moja, ni saa 78, yaani siku kumi hivi za kazi za mtu mmoja. Matini kamili haihitajiki, hivyo suala la hakimiliki halitakwamisha.

Sheria ya Maktaba ya Taifa ya 2003 inawataka wachapishaji wawasilishe nakala kwenu, kwa hiyo hapo ndipo mahali pa kuanzia. Tunapendekeza mwaka wa majaribio uwe 2007, kwa magazeti mawili ya Kiingereza pamoja na Bukedde. Wanafunzi wa ukutubi walio kwenye mafunzo ya vitendo wanaweza kuingiza taarifa, mkutubi mmoja akikagua ingizo moja katika kila kumi. Orodha ya mada ya kuanzia tuko tayari kuiandaa sisi, na tunaomba siku ya kukutana nawe ili tuikabidhi.

Wako katika kazi,
Wakutubi na wasimamizi wa tasnifu, Kampala