Shukrani kwa fundi uliyesimama Mlima Kitonga

Fundi, jina lako hatulijui, ila asante sana. Gari lilikuwa limechemsha katikati ya mlima, na tayari mtu alishashika kifuniko cha rejeta, tangi la kupozea maji ya injini. Ulimzuia. Maji ya rejeta hukaa chini ya mgandamizo, hivyo yanaweza kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka; ukifungua tu, yanageuka mvuke papo hapo na kumuunguza mtu uso na mikono.

Ulisubiri dakika 40 nzima. Ukaweka kitambaa kizito, ukalegeza kifuniko kidogo hadi mvuke ukaisha, ndipo ukakifungua. Mpira wa juu unaopitisha maji ya rejeta ulikuwa umepasuka pale kwenye klipu: ukakata sentimita 2 za ncha, ukaurudishia na kukaza. Kisha injini ikawashwa, hita ikafunguliwa hadi mwisho ili hewa itoke, maji yakaongezwa kidogo kidogo. Wengi humwaga maji ya baridi kwa pupa kwenye injini ya moto. Hapo silinda hedi ya aluminiamu (sehemu ya juu ya injini) hupinda au kupasuka, na gasketi inayoziba chini yake huungua.

Kabla ya kuondoka ulichomoa kijiti cha oili ukakiangalia. Oili ingekuwa nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yameingia ndani yake, gari lisingepaswa kusogea hata hatua moja.

Mpira mpya umeshafungwa, na kulanti (dawa ya kupozea injini) imewekwa nusu kwa nusu na maji safi, kama ulivyoelekeza. Ulikataa hata hela ya soda. Mungu akubariki, ndugu yetu.