Salamu za Pasaka kutoka Kigoma: usingoje ujiweke sawa

Mwakeye, ndugu, jamaa na marafiki. Kristo amefufuka!

Nawaandikia wiki ambayo mwalo wa Kibirizi, ufuko wetu wa wavuvi, umepoa. Mnaokaa mbali na ziwa huenda hamjui: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wengi wanapumzika. Pasaka nayo haiachani na mbalamwezi, kwa kuwa huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Ndiyo maana mwaka mmoja inakuja mapema na mwingine inasogea hadi mwishoni mwa Aprili, na ndiyo maana sikukuu hii huwakuta wavuvi wetu wakishona nyavu.

Ijumaa Kuu, baada ya Njia ya Msalaba, nilipita hapo. Kijana mmoja amekalia mtumbwi uliopinduliwa, wavu ameubana kwa kidole gumba cha mguu, anashona. Wavu wa buluu, viraka vya kijani na vyeupe. Nikamwuliza kama Jumapili tutaonana kanisani. Akacheka kidogo: "Nikijiweka sawa nitakuja, mama."

Jibu hilo nalisikia kila mwaka, wala si kwa wavuvi tu. Kuna wanaoishi pamoja mpaka watoto wanaanza shule, ndoa inangoja siku watakayoweza sherehe ya maana. Kuna asiyeweka picha ya sikukuu mpaka aisafishe uso usijulikane. Hamu hiyo ya kuwa bila doa siicheki, ninayo pia, na naamini aliyetuumba ndiye aliyeitia ndani yetu. Yesu mwenyewe alisema: "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Ukilisoma neno hilo peke yako usiku, usingizi unaruka. Nani ataweza?

Ndipo naipenda sura ya 21 ya Injili ya Yohana, ambayo mtu wa Kigoma hahitaji kufafanuliwa. Wanafunzi wamekesha ziwani, hawakupata kitu. Alfajiri mtu amesimama ufukweni, ndiye Yesu aliyefufuka, anawaambia watupe jarife, yaani wavu, upande wa kuume. Wanapata samaki wakubwa 153. Wakishuka wanakuta moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Sasa angalia huo moto. Yohana anautaja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni uani kwa Kuhani Mkuu, usiku wa baridi, Petro anaota moto huku anamkana Bwana wake. Mara ya pili ni hapa. Sidhani kama Petro aliinusa harufu ya makaa asikumbuke.

Na anaulizwa nini? Haambiwi aeleze ilikuwaje, wala haulizwi kama sasa amejirekebisha. Anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, naye anakabidhiwa kondoo. Tena hapo hapo, kazi hajaianza, anageuka na kumwulizia mwenzake: "Bwana, na huyu je?" Petro ni yule yule! Bwana anamwambia: "Wewe unifuate mimi."

Sisemi dhambi ni jambo la kupuuza. Siku 40 za Kwaresima hazikuwa za mchezo, na aliyekosana na ndugu yake aende wakapatane. Nasema tu kwamba tumekosea mlango. Ukamilifu tunautafuta kwenye kioo, kumbe uko kwake yeye aliyefufuka na makovu ya misumari mikononi. Paulo, mtume mzima, aliwaandikia Wafilipi kwamba hajafika wala hajawa mkamilifu, bali anakaza mwendo kwa sababu ameshikwa na Kristo Yesu. Ameshikwa. Mimi hilo linanitosha, na kijana wa Kibirizi nilimwambia hivyo hivyo: njoo na viraka vyako. Hakuniahidi kitu.

Basi salamu ziwafikie wa Kasulu, Kibondo na Uvinza, na mlioko safarini kwenye treni. Wafiwa, Pasaka ya kwanza bila mtu wenu ni nzito, tunawaombea kwa majina. Jirani zetu Waislamu wa Ujiji, mnaotulindia nyumba tukiwa kwenye mkesha, asanteni sana, na sahani zenu zinakuja.

Jumatatu ya Pasaka mimi nipo nyumbani. Ugali upo, migebuka, samaki wa ziwa letu, ipo, mawese yapo. Anayekuja aje na ndimu.