Mbona Jua Linawaka na Nyie Mmeahirisha Safari ya Korongo?

Swali hili hutufikia sisi tunaoongoza safari za makorongo Oman kila msimu, na mara nyingi ni Alhamisi usiku. Kikundi cha marafiki kumi kimeshalipa, gari zimepangwa, nyama ya kuchoma imetiwa viungo, halafu simu inaingia ujumbe kwamba Ijumaa hatuingii korongoni. Ukitoka nje Muscat unaona nyota. Asubuhi jua linawaka, hata wingu moja hakuna. Mteja akikasirika ana haki ya kuelezwa, na maelezo yenyewe ni haya.

Korongo tunalopeleka watu zaidi liko Wadi Bani Awf (wadi ni bonde linalopitisha maji mvua ikinyesha), kwenye milima ya Hajar upande wa mji wa Rustaq. Wageni hulijua kwa jina la Snake Canyon, yaani Korongo la Nyoka, kwa jinsi linavyojipinda. Ni mwamba mtupu wa chokaa, na juu yake milima inapanda mpaka Sharafat al Alamayn, mahali pa kutazamia mandhari palipo karibu mita 2,000. Mwamba wa namna hiyo hauna udongo wa kunywa mvua. Tone likianguka huko juu halina pa kukaa, linateremka. Matone ya mlima mzima yanakusanyika kwenye mfereji ambao pengine upana wake ni mikono miwili iliyonyooshwa, na ndani ya mfereji huo mpo nyinyi.

Kwa hiyo mbingu iliyo juu ya kichwa chako haitwambii kitu. Tunachotazama ni mbingu ya mlimani. Maji ya mafuriko yakienda mita 3 kwa sekunde, hukata kilomita 10 kwa muda usiofika saa moja. Nyinyi mkiingia mnakuwa ndani saa nne hadi tano, na ukishateremka kwa kamba na kamba ikavutwa, kurudi ulikotoka haiwezekani tena. Njia ni moja, mbele. Mvua inaweza kunyesha mahali msipopaona, ikawafikia chini ya jua kali.

Ukitaka kuamini, tazama kuta ukiwa ndani. Kwenye pembe moja nyembamba utaona gogo la mtende limebanwa baina ya kuta mbili, limekauka na kuwa jeupe kama mfupa, makuti yamesokotwa na nailoni na majani. Liko juu ya kichwa chako, hata ukinyoosha mkono hulifikii. Hakuna mtu aliyelipandisha pale. Maji ndiyo yaliyoliacha.

Ndiyo maana tunapitia taarifa na picha za rada za idara ya hali ya hewa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga mara mbili: saa 3 usiku na tena saa 10 alfajiri kabla ya kuondoka. Likitolewa onyo la mvua kwa milima ya Hajar, hata la kiwango cha chini, hatuingii. Waliokuwapo Oman Aprili 2024 wanakumbuka Samad al-Shan, watoto wa shule waliochukuliwa na maji wakiwa ndani ya gari. Ile ilikuwa barabara, mahali pa wazi. Korongoni pa kukimbilia ni pachache zaidi.

Saa zetu za safari nazo zinatokana na hofu hiyohiyo. Mawingu ya mlimani, hasa miezi ya joto inapokaribia, hujikusanya baada ya adhuhuri. Tunatoka Muscat saa 11 alfajiri, tunaingia korongoni saa 2 asubuhi, na saa 7 mchana tunataka mtu wa mwisho awe nje. Anayetaka kuswali Alfajiri njiani tunasimama, hilo limeshahesabiwa. Mwenzenu akichelewa nusu saa kituoni, nusu hiyo hatuwezi kuifidia kwa kuendesha mbio. Inakatwa kwenye kuogelea na kupiga picha.

Hesabu nyingine inayowashangaza watu ni ya kamba. Mtu mmoja asiye na uzoefu huchukua kama dakika tano kuteremka mita 20: kujifunga, kukaguliwa, kushuka, kujifungua. Watu wanane ni dakika arobaini, mteremko mmoja tu, na waliotangulia wanasubiri kivulini wakiwa wamelowa. Ndiyo sababu hatuchukui zaidi ya wanane kwa kila jozi ya viongozi. Mkiwa kumi na wawili tutawagawa, hata kama mngependa kwenda pamoja.

Huko kusubiri kunaleta tatizo ambalo hakuna anayelitarajia jangwani: baridi. Madimbwi yaliyo ndani kabisa hayaoni jua, na kuanzia Desemba mpaka Februari mtu hutetemeka hadi vidole haviwezi kukaza karabina, ile pete ya kufungia kamba. Kidole kisichokaza hakiwezi kushika kamba. Tunatoa nguo za mpira za kuogelea zenye unene wa milimita 3, na hazivaliwi kwa hiari. Fulana ya pamba ivuliwe, maana ikilowa inakaa na maji na kukunyonya joto. Juni hadi Agosti hatufanyi safari kabisa, kwa sababu matembezi ya kutoka korongoni hadi garini yako juani na joto hupita nyuzi 40.

Maji ya kunywa ni lita 4 kwa kila mtu, si kwa wawili. Mtu aliyelowa hahisi kiu, huku anapoteza jasho vilevile, na kichwa humuuma saa ya kutoka. Lete tende na kitu chenye chumvi. Chakula kizito kibaki garini.

Sasa mavazi, na hapa tunawaomba akina dada watusikilize bila kuona tunawaingilia. Kifaa cha kushukia hupitisha kamba ikiwa imekazwa na uzito wa mwili wako. Ncha ya mtandio, nywele zilizoachiwa au kamba ya kofia ikiingia pale, inavutwa ndani na wewe unaning'inia, huwezi kushuka wala kupanda. Kumkwamua mtu hapo lazima kwanza uzito wake uhamishiwe kwenye kamba nyingine. Stara haina shida yoyote: hijabu ya michezo inayobana kichwa, suruali ndefu na mikono mirefu ni bora kuliko kaptura, kwa sababu mwamba wa chokaa unakwaruza kama msasa. Viatu viwe vya kufunga kwa kamba, soli ya mpira laini. Ndala na viatu vya ufukweni tunavirudisha garini.

Kuruka majini ndiko kunakovunja watu vifundo vya miguu. Dimbwi uliloruka mwaka jana si dimbwi lilelile, kwani kila mafuriko yakishuka wadini huleta kokoto na kujaza chini, wakati mwingine mita nzima, na uso wa maji unaonekana kama zamani. Kiongozi huingia kwanza kwa kamba, anapima kina kwa kuzama, ndipo wengine wanaruhusiwa. Hatumruhusu mteja kuruka zaidi ya mita 5, hata akisema ni mzoefu. Miguu pamoja, magoti yamelegea kidogo, mikono imekunjwa kifuani. Asiyetaka kuruka anateremshwa kwa kamba, na marafiki msimshinikize. Aliyeruka kwa kushinikizwa huruka vibaya, anaanguka kwa kitako na kuumia mgongo.

Utatuona pia hatufungi fundo kwenye ncha ya kamba inayoishia dimbwini. Tunaipima iguse maji tu, ili ukifika mwisho kamba ikuachie uogelee. Kamba iliyojilundika majini humfunga mtu miguu. Na kabla kiongozi wa mwisho hajashuka, aliye chini huivuta kidogo kuona kama inatembea, maana ikikwama juu wakati wote mko chini, hamna tena kamba ya mteremko unaofuata.

Tukiwa ndani, kiongozi akisema "juu," pandeni palepale kwenye ukingo anaouonyesha, acheni mabegi. Maji kubadilika rangi kuwa ya tope, vijiti na majani kuanza kuelea, upepo wa ghafla au ngurumo isiyokatika: yoyote kati ya hayo inatosha kuwa dalili kwamba mafuriko yanakuja.

Tukiahirisha sisi, mnachagua siku nyingine au tunarudisha fedha zote, hatukati hata baisa. Kabla ya Jumatano tutumieni uzito na namba ya kiatu ya kila mtu, na nani hajui kuogelea. Asiyejua hakatazwi, ila anavaa jaketi la uokozi mwanzo hadi mwisho na tunamwongezea kiongozi wake, na huyo inabidi tumtafute mapema.