Kwa Nini Tunakupima Kiuno Wakati Umekuja Kupimwa Ini

Malalamiko haya yamezidi hapa kwenye kituo chetu cha vipimo, basi tuyajibu mara moja. Mteja mwenye mwili mkubwa anaingia, daktari amemtuma apigwe ultrasaundi ya tumbo. Tunamzungushia futi kiunoni, tunamuuliza sukari, presha, hata kama anakoroma usiku. Uso unabadilika. "Nimekuja kupimwa ini, nyinyi mnatafuta njia ya kuongeza bili." Futi hatuitozi, na maswali ni bure.

Tunauliza kwa sababu tunatafuta mafuta kwenye ini, na kilo peke yake hazisemi mengi. Mafuta yanayolisumbua ini zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, kuliko ya nyonga na mapaja. Tuliwahi kupokea mwalimu mmoja na dereva wa matatu siku hiyo hiyo. Mwalimu ndiye aliyekuwa mzito zaidi, ila unene wake ulikaa nyongani, na sukari yake ilikuwa sawa. Ini safi. Dereva alikuwa na kitambi kigumu, soda haikosi kwenye dashibodi, na sukari imepanda bila yeye kujua. Kwenye skrini ini lake liling'aa kuliko figo iliyo kando yake, kuta za mishipa hazionekani vizuri, sehemu ya nyuma imemezwa na giza: dalili za ini lenye mafuta. Na hakuwa mnywaji. Alilirudia hilo kila mara, kana kwamba tulimshuku.

Kwa mwanamume tunaanza kuangalia kwa makini kiuno kikifika sentimita 94, kwa mwanamke 80. Lakini mtu mnene mwenye kisukari aina ya pili ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, maana kwake makovu ya ini huja kwa urahisi. Ongeza presha, triglisaraidi (mafuta ya kwenye damu) zilizopanda, usingizi wa kukoroma na kukatika pumzi, au mama aliyekwisha koma hedhi. Wengine ni damu ya ukoo tu. Pombe juu ya hayo yote, ndiyo kabisa.

Sasa njia ya mkato: "Nipimie enzaimu za ini tu, hiyo picha achana nayo." Hizo hupimwa kwenye damu, na hupanda ini likiumia. Zikirudi kawaida, mtu anaenda kusherehekea na nyama choma. Ini linaweza kujaa mafuta huku enzaimu zimetulia. Picha nayo huweza kupitwa na mafuta yakiwa machache, ndiyo maana hatupendi kutegemea kipimo kimoja. Na daktari akiagiza hesabu kamili ya damu, si sisi tuliomtuma: anataka idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, azipige hesabu pamoja na umri wako na enzaimu mbili, AST na ALT, akadirie kama kuna makovu.

Njia nyingine ni chai za kupunguza tumbo na unga wa "kusafisha ini". Mteja mmoja alikuja na kopo zima mkobani, macho yameanza kuwa manjano. Enzaimu zake zilikuwa juu mno. Daktari alimsimamisha unga huo siku hiyo hiyo, na gharama ya vipimo vya kumfuatilia ilipita mbali bei ya picha aliyoikwepa mwanzoni.

Kuhusu bei, mwili mkubwa unataka muda. Tunakulaza ubavu wa kushoto, unavuta pumzi na kuishikilia, tunabonyeza, tunarudia. Anayekumaliza kwa dakika tatu ameona nini?

Ripoti ikisema mafuta, kupunguza asilimia 5 ya uzito huyapunguza; asilimia 7 hadi 10 hutuliza na uvimbe wa ini. Mtu wa kilo 120 aanze na kilo 6, polepole. Kujinyima chakula ghafla kunaweza kuliumiza ini zaidi na kuleta mawe ya nyongo.

Njoo bila kula kwa muda wa saa 6 hadi 8, la sivyo mfuko wa nyongo utakuwa umejikunja na gesi itaziba picha. Maji ya kawaida ruhusa, chai ya maziwa hapana. Dawa ya presha meza kama kawaida. Unayetumia dawa au sindano ya sukari, tupigie kwanza tukupe nafasi ya asubuhi na mapema.